Kibao cha shule kina nembo ya soda, halafu tunamlaumu mama kwa unene wa mtoto

Baba wa Tabata (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu wa miaka tisa hospitali, kifua kilikuwa kinambana. Daktari akampima urefu na uzito, akaweka nukta kwenye chati, akanigeuzia karatasi nione. Nukta ilikaa juu ya mstari wa juu kabisa. Akaniuliza, huyu shuleni anakunywa nini? Nikajibu maji, maana chupa ya maji namtilia mwenyewe kwenye begi kila asubuhi. Mtoto akainamisha kichwa. Tukiwa njiani kurudi ndipo akaniambia kwamba yale maji huyamwaga, na hela ya matumizi anainunulia soda kwenye duka la shule. Kila siku. "Wote wananunua, baba."

Nilipofika nyumbani nikafanya hesabu. Soda ya kola ina sukari gramu 10 hadi 11 kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 inabeba kama gramu 36, yaani vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mwili unapata kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,600, asilimia 10 ni gramu 40. Kwa hiyo chupa moja ya saa nne asubuhi imekaribia kummalizia siku nzima, na bado hajanywa chai ya jioni yenye sukari wala hajagusa andazi.

Ukoo ukagawanyika. Upande mmoja wanamsema mke wangu, kwamba anamdekeza mtoto kwa chipsi. Upande wa pili, shangazi yangu anasema tumwache, mtoto mwenye mwili ndiye mwenye afya, au tunataka watu waseme hatuli? Mke wangu alilia. Anapika ugali, dagaa, mchicha, maharage, na hizo chipsi mtoto anazila labda mara moja kwa mwezi.

Nikaenda shuleni. Shule siitaji jina. Duka la ndani lina soda, juisi za boksi, krispi, biskuti za krimu na pipi. Tunda hakuna hata moja. Wakati natoka getini nikasimama kukitazama kibao cha shule, kile kinachoonekana toka barabarani. Nusu yake ni jina la shule na ile kauli ya "Elimu ni Ufunguo". Nusu nyingine ni nembo ya soda. Nimepita chini ya kibao kile miaka minne na sikuwahi kukiona. Nikamuuliza mlinzi, akasema kampuni ilikileta bure.

Ndiyo maana nawaletea habari za Chile. Nimezisoma wiki tatu sasa, na naona kama ziliandikwa kwa ajili ya kile kibao.

Chile ilikuwa na hali mbaya kuliko yetu. Karibu mtoto mmoja kati ya wanne wanaoanza darasa la kwanza alikuwa na kiribatumbo, yaani unene uliopindukia. Kulikuwa na seneta ambaye ni daktari, Guido Girardi, akapigania sheria kwa miaka mingi huku kampuni za vyakula zikimpinga kila hatua. Sheria namba 20.606 ikatangazwa 2012, ila ikaanza kufanya kazi Juni 2016, wakati rais ni Michelle Bachelet, ambaye naye ni daktari wa watoto. Sheria yenyewe inasema hivi: chakula cha pakiti kikizidisha sukari, chumvi, mafuta mabaya au kalori, mbele ya pakiti kinabandikwa alama nyeusi ya pembe nane yenye maneno "ALTO EN", yaani "kimezidi" kitu fulani. Kikizidisha vyote vinne, alama nne. Huhitaji kusoma maandishi madogo ya nyuma, na mtoto wa darasa la pili anaielewa.

Hapo ndipo sheria inapoanza kuuma. Chakula chenye alama hata moja hakiuzwi ndani ya shule. Hakiruhusiwi kuwa na katuni kwenye pakiti. Yule chui wa kwenye boksi la nafaka za asubuhi aliondolewa. Mayai ya chokoleti yenye mwanasesere ndani hayauzwi tena, kwa sababu huwezi kumvuta mtoto kwa zawadi ili ale sukari. Na tangu 2018 matangazo ya vyakula hivyo hayapiti kwenye televisheni kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa nne usiku.

Mwaka na nusu wa mwanzo, ununuzi wa vinywaji vyenye alama ulishuka kwa kama asilimia 24. Viwanda vingi vikapunguza sukari vyenyewe ili kuikwepa alama. Uzito wa watoto haukuporomoka ghafla, na nisingependa mtu aje hapa kusema nimedanganya. Lakini kitu anachokutana nacho mtoto wa Chile kwenye duka la shule kimebadilika, na hilo halikufanywa na mama yeyote jikoni kwake.

Swali langu: sisi wazazi tunaanzia wapi? Kamati ya wazazi inakutana wiki mbili zijazo na nimeomba nafasi ya kuzungumza.

Mkulima wa Namtumbo

Mkuu, pole kwa mtoto, Mungu amjalie. Ila nitasema ukweli wangu. Huku kwetu watoto wanakwenda shule na njaa na wanarudi na njaa. Takwimu za serikali za 2022 zinasema watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Walio na uzito uliozidi ni kama 4. Sasa nikisikia mjadala wa watoto wa Dar kunenepa naona kama tunajadili rangi ya paa wakati nyumba haina msingi. Serikali ina hela kidogo, iweke kwenye uji wa shuleni.

Nesi wa Zamu

Kaka Mkulima, uko sawa kuhusu udumavu, na sitaki mtu aipuuze hoja yako. Nimefanya kazi kliniki ya watoto miaka kumi na miwili. Lakini naomba uniruhusu nikuonyeshe mahali mambo haya mawili yanapokutana.

Mtoto aliyekosa chakula bora tumboni mwa mama na miaka miwili ya mwanzo, mwili wake hujifunza kuweka akiba. Akija kuhamia mjini, au mji ukimfuata kijijini kwa biskuti na soda, anaweza kuongezeka unene kuliko yule aliyekua vizuri. Nimeona nyumba moja mtoto mdogo amedumaa, dada yake wa miaka kumi na mmoja ana uzito uliozidi, na mama yao ana presha. Sufuria ni moja. Vyote vinatokana na chakula kisicho na lishe, kimoja kidogo na kingine kingi.

Na ule uji wa shuleni unaoupigania ni dawa ya wote wawili. Mtoto aliyekula uji wa lishe na maharage shuleni hana njaa ya kukimbilia krispi saa nne.

Mwaka 2025 UNICEF walitoa taarifa kwamba kwa mara ya kwanza duniani, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye kiribatumbo wamewapita wenye uzito pungufu: asilimia 9.4 kwa 9.2. Maeneo mawili tu hayajafika huko, Asia Kusini na Afrika kusini mwa Sahara. Mimi nasoma hapo kwamba bado tuna muda, na wenzetu hawakuwa nao.

Jambo jingine linaniumiza kila siku kazini. Kadi ya kliniki tunamjazia mtoto kila mwezi, mama anajua kabisa mstari wa kijani uko wapi. Akifika miaka mitano, basi. Hakuna anayempima tena mpaka augue. Baba wa Tabata, mwanao alipimwa kwa sababu ya kifua. Kama kifua kisingembana ungejua lini?

Baba wa Tabata

Nisingejua, dada. Asante. Hilo nalipeleka kwenye kikao.

Mama Mihogo

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi nauza nje ya shule ya msingi, mwaka wa nane huu. Mihogo ya kukaanga, kachori, ubuyu, barafu za rangi, na soda. Nimesoma uzi wote na moyo umenidunda, maana nimeona kama mnanisema mimi.

Naomba niwaambie inavyokuwa. Soda haiozi. Nikishindwa kuiuza leo, kesho ipo. Friji nililonalo ni la kampuni, nimepewa, na sharti lake ni kwamba ndani ziwekwe soda zao tu. Wakija wakikuta nimeweka ndizi au maji ya kampuni nyingine wanaweza kulichukua. Machungwa nikinunua gunia, siku tatu yameanza kuharibika, na hasara ni yangu peke yangu. Mtoto ana shilingi mia mbili au mia tatu. Nimpe nini kwa mia mbili? Barafu ya rangi inatosha na faida ninapata.

Lakini mwaka juzi mwalimu mkuu mmoja alikuja kutuita sisi wauzaji sita, akaongea nasi vizuri, hakutufukuza. Akasema tuuze mahindi ya kuchemsha, ndizi, machungwa ya kumenya, mihogo ya kuchemsha na kachumbari, na soda na barafu tuache. Akakubali sisi sita tu ndio tuuze karibu na geti, mwingine asije. Tuliuza. Watoto wanakula mahindi, msidhani hawali. Mwezi wa kwanza nililia kwa hasara, mwezi wa tatu nikawa sawa. Tatizo, mwalimu yule alihamishwa. Aliyekuja hakujali, wakaja wauzaji wengine na soda, na sisi tukarudi kwenye soda. Ningefanyaje nina watoto wanne?

Msituache nje ya vikao vyenu. Sisi tupo kila siku pale.

Nesi wa Zamu

Mama, wewe ndiye umesema jambo zito kuliko sote.

Mkulima wa Namtumbo

Hapo nimeelewa tofauti. Mahindi na ndizi tunalima sisi. Kama mashule yangekuwa yananunua kwetu, uji wangu na suala la huyu baba vingekuwa kitu kimoja.

Binti wa Ilala, Amsterdam

Habari zenu nyumbani. Niko Uholanzi na watoto wangu wamesoma hapa, basi niwape ninachokiona.

Jiji la Amsterdam 2012 lilikuta asilimia 21 ya watoto wake wana uzito uliozidi, na hali ilikuwa mbaya zaidi kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini, wengi wetu wahamiaji: Waturuki, Wamoroko, Wasuriname, Waghana. Naibu meya aliyelisimamia alikuwa Eric van der Burg, na chama chake ni cha watu wa biashara huria, si watu wa kupenda serikali iingilie maisha ya watu. Lakini alisema mtoto hachagui anachozungukwa nacho, hivyo ni kazi ya jiji. Mpango ukaanza 2013, na waliupangia miaka ishirini. Kufikia 2015 ilikuwa asilimia 18.5. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani kimetokana na mpango wenyewe, mimi nawaeleza kilichoifikia nyumba yangu.

Shuleni watoto wanakunywa maji. Juisi ukimpakia mtoto, inarudi kwenye begi na barua. Siku ya kuzaliwa mtoto hapeleki keki na pipi darasani, anapeleka matunda yaliyokatwa au vitu vidogo. Jiji lilikataa udhamini wa kampuni za soda na za vyakula vya haraka kwenye michezo ya watoto. Walitafuta watu wa mtaani wenyewe, wanaoongea lugha zetu, wakaja kukaa na akina mama kwenye vikundi vya kupika. Mimi niliambiwa na mama wa Kighana, sikuambiwa na mzungu mwenye koti jeupe, na ndiyo maana nilisikia.

Na waliongeza usingizi. Niliona ajabu mwanzoni. Mtoto asiyelala vya kutosha anaamka na njaa ya vitu vitamu. Nikakumbuka mabasi ya shule ya Dar yanayomchukua mtoto wa miaka sita saa kumi na moja alfajiri, na anarudi jioni akiwa hoi. Analala saa ngapi huyo?

Mkuu, kibao kile king'oeni. Wenzetu hapa walianza na mambo madogo kama hayo.

Mhasibu Mtulivu

Nitaongelea kodi kidogo, ndiyo fani yangu.

Uingereza walitangaza kodi ya vinywaji vyenye sukari 2016 na wakaianza Aprili 2018. Haikuwekwa kwa lita peke yake, ilipanda kwa ngazi: kinywaji chenye gramu 5 za sukari na kuendelea kwa mililita 100 kililipiwa peni 18 kwa lita, chenye gramu 8 na zaidi peni 24. Chini ya gramu 5, hakuna kodi. Walitoa miaka miwili kwa makusudi. Viwanda vikakaa chini, vikapunguza sukari kabla kodi haijaanza, na sukari kwenye vinywaji vinavyoguswa na kodi hiyo ilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka michache. Mtoto alikunywa kinywaji kilekile, sukari ikiwa pungufu, bila mtu kumhubiria.

Afrika Kusini nao Aprili 2018. Wao wanahesabu gramu: gramu 4 za mwanzo kwa mililita 100 hazilipiwi, kila gramu inayozidi hapo inalipiwa.

Kwetu ushuru wa bidhaa kwenye soda unahesabu lita. Mwenye kuweka gramu 11 za sukari na mwenye kuweka gramu 3 wanalipa sawa. Kwa hiyo kiwanda hakina sababu ya kupunguza chochote. Kiwango chenyewe hata kikibaki palepale, kubadilisha tu namna ya kuhesabu kungeamsha watu viwandani. Na kila mwaka kabla ya bajeti wadau hualikwa kutoa maoni. Viwanda huenda na makabrasha. Wazazi sijawahi kuwaona.

Mwana wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu zangu, kwetu utafiti wa serikali wa 2022 ulikuta wanawake 45 kati ya 100 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Watoto chini ya miaka mitano ni 3 kati ya 100. Hao 45 nao waliwahi kuwa watoto na hakuna aliyewatazama. Tafadhali msisubiri hadi muwe na namba yetu.

Na hapa Pwani mimi naogopa mambo ya uwanja. Pale tulipokuwa tukicheza mpira sisi, leo pana ghorofa na gereji. Watoto wanabaki ndani na simu, kando yake sahani ya viazi karai. Utamwambia akimbie wapi?

Mwalimu wa Michezo

Nafundisha darasa la nne na la tano. Kipindi cha michezo kipo kwenye ratiba, na kila mtihani ukikaribia kinageuzwa hisabati. Nimeshagombana na watu kwa ajili hiyo.

Ninachokifanya nimekichukua kwa mwalimu mkuu wa Uskoti, Elaine Wyllie, shule ya St Ninians mjini Stirling. Mwaka 2012 aliona watoto wake wanachoka kwa kutembea tu, akawatoa nje dakika kumi na tano kila siku wakimbie au watembee kuzunguka uwanja. Hawabadilishi nguo, hakuna vifaa, hakuna mashindano. Wakaita maili ya kila siku na ikaenea nchi nyingi.

Mimi natoka nao saa tatu na nusu. Mtoto mnene hakimbizwi wala hachekwi, kila mmoja anakwenda kwa mwendo wake. Siku za mvua tunacheza ukuti na kuruka kamba varandani. Kinachohitajika kwa watoto wa umri huu ni dakika sitini kwa siku, kwa hiyo najua sijamaliza kazi, lakini robo ipo. Rede na kombolela vilikuwa vikitupa saa mbili kila jioni bila mtu kuhesabu.

Nawaomba jambo moja wazazi. Mkija shuleni kupima uzito kama anavyosema Nesi, msiupime mbele ya darasa. Nilishaona mtoto aliitwa "kibonge" mbele ya wenzake siku ya kupimwa, akakataa shule wiki nzima.

Nesi wa Zamu

Hilo ni sharti, mwalimu. Chumba cha pembeni, mtoto mmoja mmoja, na majibu anapewa mzazi kwenye bahasha. Na neno la kumwambia mzazi ni "tumsaidie akue na kuufikia uzito wake", kwa sababu mtoto bado anarefuka. Mara nyingi hahitaji kupungua kilo, anahitaji zisiongezeke haraka. Tafadhali wazazi msiwanyime watoto chakula.

Baba wa Tabata

Nimerudi, wakuu. Kikao kilikuwa jana.

Nilikwenda na vijiko. Nilipanga glasi tisa mezani na kijiko kimoja cha sukari kila glasi, nikaweka chupa ya soda pembeni. Sikuhubiri. Nilieleza ya Chile kwa dakika tano, nikasoma maneno ya Mama Mihogo kama alivyoyaandika, bila jina lake.

Mzazi mmoja alipinga, akasema duka la shule linachangia hela ya chaki na ukarabati wa vyoo. Ni kweli linachangia. Mweka hazina akaleta daftari, tukakuta kinachobaki kwa mwezi, tukigawa kwa idadi ya wazazi, ni pungufu ya nauli ya kwenda na kurudi Kariakoo. Tumekubaliana tuchange wenyewe.

Yaliyopitishwa: kuanzia muhula ujao soda, juisi za boksi na pipi zinatoka kwenye duka. Yataingia maji, ndizi, machungwa, karanga na mahindi ya kuchemsha. Wauzaji wa getini wataitwa kwenye kikao kijacho, na makubaliano nao yataandikwa na kusainiwa na kamati, ili mwalimu mkuu akihamishwa yasihame naye. Kupima kutafanyika mara mbili kwa mwaka, chumba cha pembeni. Dakika kumi na tano za uwanjani, walimu wameomba muda wafikirie, nitawafuatilia.

Kibao kimeleta ubishi kuliko vyote. Wengine waliogopa kuiudhi kampuni. Fundi ametupa bei ya kibao kipya cha bati, tumepungukiwa kidogo, natarajia mwisho wa mwezi kitakuwa kimesimama.

Mhasibu, nimeandika jina lako kwenye barua ya maoni ya bajeti. Nitumie ujumbe wa faragha uniambie ni nani hasa tunamwandikia.

Mwanangu hajafurahi. Jana usiku aliniuliza kama ni mimi niliyeondoa soda za wenzake. Nikamwambia ndiyo, mimi na wazazi wengine. Akanyamaza, kisha akauliza kama mahindi yatakuwa na pilipili na ndimu.

Mama Mihogo

Mwambie yatakuwa nayo, hata wa kwetu wanapenda hivyo. Na kwenye kikao cha wauzaji waulize mapema kama machungwa wanataka ya kumenya au mazima. Ya kumenya yanauzika zaidi, ila yanataka maji safi ya kunawa pale getini, na bomba letu pale halijatoa maji tangu mwezi wa tatu.